Afande Aliyekataa Kuwa Shahidi

Hapa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kuna watu watakaokuazima hata godoro wanalolalia, lakini kwa Afande usingepata hata sahihi. Ukiuza kiwanja, ukinunua pikipiki, ukifunga ndoa, mahali popote ambapo karatasi inamtaka mtu wa pembeni aseme kwamba ameona na amesikia, Afande alinyanyuka, akakung'uta suruali yake na kusema ana shughuli mjini. Jirani mmoja aliwahi kumwalika chakula kwa hila, hati ya kiwanja ikawekwa mezani karibu na kuku. Afande alikula vizuri, akawashukuru wenyeji, akaifunika ile hati kwa sahani yake tupu na kwenda zake. Tulimcheka muda mrefu, na yeye hakujali.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo uzee wake wote aliutumia kusoma maneno ya mashahidi. Hilo ndilo lililonifanya nimtazame miaka yote ile, na ndilo nitakaloeleza. Alizaliwa wapi na nani, mimi sijui. Alitoka kaskazini, basi, na hakupenda kuulizwa zaidi.

Kwetu kila aliyewahi kuvaa sare ni afande, na kando ya barabara hii ya Iganga hawakosekani. Lakini ukitaja Afande bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule mrefu aliyestaafu magereza, anayekaa mlangoni kwa fundi. Fundi ni mimi. Nina chumba cha cherehani kinachotazama barabara, na Afande alikuja mara ya kwanza kupunguziwa kiuno cha suruali, akakuta kiti cha plastiki kiko tupu, akakichukua kuwa chake. Jina lake nililiuliza siku moja tu. Akaniambia liko kwenye faili lake la pensheni, na huko halina shida.

Suruali zake zilikuwa za kaki, na kila mwaka nilizipunguza kiuno. Alikuwa anakonda, lakini hakukubali hata siku moja kwamba anakonda. Alidai kitambaa ndicho kinachopanuka. Nilimwambia kaki haipanuki, inafifia tu, naye akanitazama kama anavyotazamwa mahabusu anayejitetea. Kiunoni alinivumilia, ila kwenye pindo hakuwa na mchezo. Lilitakiwa liguse kiatu bila kukilalia, na kamwe lisilowe. Mvua ikinyesha, Afande alikaa kwangu mpaka barabara ikauke. Asubuhi hakukata njia kwenye majani kwa ajili ya umande, hata kama kuzunguka kulimchelewesha. Pindo lililoloa alilichukia kuliko wezi, na wezi alikuwa amewaona wengi.

Tena, mtu aliyefunga milango ya wenzake maisha yake yote ya kazi hakuweza kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango. Vumbi la malori lingeingia likatua kwenye gauni la bi harusi, mimi nakasirika, yeye anashikilia mlango kwa mguu usijifunge. Niliishia kununua shuka kuukuu za kufunikia nguo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Mimi Kiswahili nimekipata kwa mama, ambaye alitoka Kenya kuuza mitumba na akaolewa hapa, kwa hiyo kwetu ni lugha ya mezani. Lakini wazee wengi wa Jinja wakiisikia wanakumbuka buti na bunduki, maana huku ilikuwa lugha ya wanajeshi. Afande aliligundua hilo sokoni. Aliuliza bei ya nyanya, na bibi muuzaji akamjazia mfuko bila kutaja bei, akarudi nyuma hatua mbili. Alirudi kwangu na ule mfuko akiwa amenyong'onyea kabisa. Kuanzia hapo sokoni alijikongoja kwa Lusoga, lugha ya huku, kibovu mno, watu wakamcheka, na kuchekwa huko kulimfurahisha.

Sasa nije kwenye mafaili. Alipokuwa kazini alipeleka mahabusu kortini, na hakimu akichelewa, askari hupewa mahali pa kusubiri. Kwenye korti moja ya huku, mahali hapo palikuwa stoo ya nyuma, ambako mashauri ya mabaraza ya zamani yalirundikwa, yale ya enzi za machifu na makarani wa wakoloni. Wenzake walisinzia. Yeye alisoma, kwanza picha za mihuri, baadaye maneno yenyewe, ingawa yalikuwa ya Luganda, lugha waliyoitumia makarani wa wakati ule hata huku Busoga na hata kule mlimani Mbale. Alipostaafu, mama mtunza stoo alimruhusu aendelee kuingia, mradi apange mafaili na apambane na mchwa.

Watu wakaanza kuja. Huku kwetu mtu anaweza kuishi mjini hadi anazeeka, lakini siku mbili humdai ukoo wake: siku ya kuoa na siku ya kuzikwa. Huwezi kuoa wa ukoo wako, na ni aibu kuzikwa mahali pasipo na watu wako. Mwenye babu aliyehama bila kuaga hana wa kumuuliza, na kanisani hawakuandika, maana babu hakuwa amebatizwa. Lakini kortini alifika. Wanakijiji wa zamani walishtakiana sana, mbuzi akila mihogo tu, barazani.

Afande alikuwa na namna yake ya kusoma. Madai hakuyasoma, hukumu hakuisoma, hata siku moja hakuweza kuniambia nani alishinda. Alikwenda moja kwa moja kwa mashahidi.

"Mushitaki nataka shinda," aliniambia. "Ile mwingine nataka rudi nyumbani. Shahidi nasema tu alikuwa nasimama wapi."

Ilinichukua muda kumwelewa. Shahidi, kabla ya kusema lolote, huulizwa yeye ni nani, mwana wa nani, wa ukoo gani, anakaa wapi, na siku ile alikuwa akifanya nini pale. Basi anajieleza. Alikuwa anachota maji kisima cha fulani, anafunga mbuzi kwenye mti alioupanda baba mdogo, anatoka kumjulia hali mama mkwe. Watu wawili wanagombana mpaka wa shamba, na kumbe pembeni yao kijiji kizima kimejiandikisha bila kujua. Afande aliokota humo mababu za watu.

Si wote walimshukuru. Kuna vijana wawili waliokaribia kufunga ndoa, wakaja kwa uhakika tu, na Afande akakuta shahidi mmoja anayesema babu wa bwana harusi alibadilisha ukoo baada ya ugomvi, na ule wa mwanzo ndio ukoo wa bi harusi. Gauni lilikuwa kwenye cherehani yangu, nimeshaweka shanga. Mama wa bi harusi alikirusha kile kiti cha plastiki barabarani. Afande alikifuata, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Na kuna dereva wa lori, Mkenya, aliyetaka kujua babu yake alikufaje kwenye kiwanda cha pamba. Aliambiwa babu hakufa wakati ule. Alikuwa na mke mwingine na watoto, na mwaka uliofuata alikuja barazani kuwa shahidi akiwa na afya njema. Yule dereva hakumaliza chai yake.

Nilimwambia Afande kwamba labda mambo mengine angeyanyamazia. Alisema kunyamaza ni kazi ya hakimu.

Baba yangu alikuwa wa kwanza kumletea ombi na wa mwisho kujibiwa. Baba alikuwa fundi wa magari, amekulia Jinja katika nyumba za vibarua. Babu alishuka kutoka upande wa Mbale kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, akafa baba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alichomwachia ni jina tu, jina ambalo kule mlimani unaweza kuliita sokoni wakageuka wanaume wengi. Kijiji hakijulikani. Ndugu hawajulikani. Baba alipoanza kuzeeka, jambo hili lilimkaa kooni. Alisema hatalala kwenye makaburi ya manispaa katikati ya watu wasiojuana. Jioni alikuja kwangu kucheza mweso, bao la huku, na Afande, wakiibiana kete waziwazi, na kila mchezo ukiisha aliuliza swali lilelile, kama anauliza saa.

"Afande, kwetu ni wapi?"

"Bado, Mzee."

Faili moja lilikuwa limekaribia. Lilikuwa shauri la vibarua wawili waliopigana kambini, na shahidi alikuwa na jina la babu, ametoka kaskazini mwa Mbale. Alikuwa ameiambia korti kwamba kwao ni chini ya jabali lenye chemchemi, na nyumba ya mama yake iko juu ya maji. Lakini tarehe ya shauri ilikuwa imeliwa na mchwa, na karani aliandika kuwa shahidi amezaliwa mwaka wa nzige. Afande akapiga hesabu. Aliyezaliwa mwaka ule angekuwa bado mtoto wakati baba yangu anazaliwa. Akalifunga faili, akamwambia baba huyu siye. Baba alikubali, lakini siku ile hakucheza mweso.

Misimu ikapita. Kisha Agosti fulani, mwaka wa tohara kule mlimani, Afande alikwenda Nakaloke, kaskazini mwa Mbale, kumzika askari mwenzake. Barabara ilikuwa imejaa vijana wanaocheza, njuga mapajani, wamepakwa unga mwili mzima, na jamaa zao wakikimbia nyuma yao wakiimba. Taksi ikasimama kuwapisha. Mzee mmoja aliyekaa karibu naye akaanza kujisifu kuhusu enzi zake, akataja mwaka wake, na Afande akashangaa, kwa sababu kwa mwaka huo mzee angekuwa kijana wa juzi. Ndipo alipoeleweshwa. Wanaume wa kule hawahesabu tangu kuzaliwa. Mwaka wa mtu ni ule aliosimama mbele ya kisu, na kabla ya hapo hakuna anayeuliza. Yule karani wa zamani alikuwa Msoga, kwao hakuna desturi hiyo. Alipoambiwa mwaka wa nzige, ambao shahidi alitahiriwa, aliuandika kuwa wa kuzaliwa bila kupiga hesabu. Na Afande, mtu wa kaskazini, kwao pia haipo, akamwamini.

Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kwenye taksi. Hakuketi. Alisimama mlangoni, visigino vimegusana, mikono imebana suruali, kama anaripoti kwa mkubwa.

"Mzee, mimi nilikosa. Ile mutu ni baba yako."

Baba akamwambia aingie ale. Lakini Afande hakuweza kula. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba akizeeka haraka katika misimu ile.

Tulikwenda Nakaloke, baba, Afande na mimi, na kutoka pale tukapanda boda mpaka kijijini. Tulipokelewa na mzee mkubwa wa ukoo, mtu mwembamba mwenye koti la suti alilolivaa juu ya kanzu. Alikumbuka habari za mtu aliyeshuka Jinja na hakurudi. Alitutajia majina ya mababu, tukamtajia yetu, Afande akasoma nakala ya maneno ya babu aliyoiandika kwa mkono. Walitupa ndizi za kupika na maziwa, wakamwita baba mtoto wetu, na baba alilia bila kujificha. Nilidhani mambo yamekwisha.

Tulipoaga, mzee wa ukoo akasema maneno kwa upole sana. Karatasi ameisikia, alisema, lakini kuna watu wengi siku hizi wanaokuja na karatasi wakitaka ardhi. Yeye anatuamini, vijana wa ukoo hawatamwamini yeye. Kwa hiyo siku tutakapomleta baba kulala, asimame mtu mmoja asiye mtoto wake wala ndugu yake, aseme mbele ya watu anachokijua. Akisema vizuri, kaburi lipo.

Wote tulimgeukia Afande. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwenye taksi ya kurudi baba alimwomba. Alimwomba tena nyumbani, tena kwenye mweso. Afande alikataa kila mara, bila hasira.

"Mimi sikuona baba yako, Mzee. Nilisoma tu. Kusoma hapana kuona."

"Na mimi utaniacha nizikwe na manispaa?"

"Shahidi hapana kufa," Afande alisema. "Mutu nakuja nyuma, nasoma yeye. Akisema uongo kidogo tu, iko pale."

Nimefikiria sana jibu hilo. Labda kule gerezani alichunga watu walioletwa na maneno ya jirani aliyedhani ameona. Labda alikuwa amewanasa mashahidi wengi wa zamani katika uongo mdogomdogo, wa kumpendeza mjomba au chifu, hata akaogopa kunaswa. Wakati ule sikufikiria lolote. Nilimwambia ni mwoga, na kwamba kiti changu akiache. Akakiacha. Kiti kikakaa tupu mlangoni, na baba akacheza mweso na mkono wake wa pili.

Baba alifariki wakati wa mvua za kwanza. Matangani Bugembe watu walijaa, Afande hakuonekana. Mama aliuliza juu yake, nikamwambia asimtaje. Kaka yangu mkubwa alijipanga kuwaomba wazee wa kule watusamehe sharti lao, ingawa sote tulijua kwamba wakikataa tutaligeuza jeneza na kurudi nalo manispaa. Ile safari ya kupita Iganga mpaka Mbale nilikaa karibu na jeneza, mkono juu ya mbao, nikisema moyoni, baba vumilia kidogo.

Kaburi lilikuwa limechimbwa. Watu wa ukoo walikuwa wengi kuliko siku ile ya kwanza, na vijana walisimama upande wao, mikono kifuani. Sala ikaisha. Mzee wa ukoo akasimama kando ya udongo akauliza, kwa lugha yao kisha kwa Kiswahili ili mama asikie, nani anamjua mtu huyu, ambaye si mtoto wake wala ndugu yake. Kaka akafungua mdomo, mzee akamwinulia mkono. Nilimwona mama akivuta leso yake hadi machoni.

Ndipo watu wa nyuma wakapisha njia. Afande alikuwa anakuja kutoka upande wa juu, si upande wa barabara, akipita katikati ya majani. Kiuno cha suruali alikuwa amekikaza kwa kamba, kwa sababu mwaka ule hakuniletea niipunguze. Na mapindo, mimi fundi wake niliyaona kabla sijauona uso wake, yalikuwa yameloa mpaka karibu na magoti, yamejaa matope na mbegu za nyasi.

Alisimama mahali alipoonyeshwa. Alitaja jina lake lote, na jina la baba yake, na kijiji chao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia, na sitayaandika hapa, kwa sababu aliyatoa pale kwa ajili ya baba yangu tu. Kijana mmoja wa ukoo akatafsiri.

"Mimi nilikuwa afande ya magereza. Mimi hapana ndugu ya hii marehemu. Hakuna kitu nitapata hapa. Mimi sikuona baba yake. Nitasema ile niliona tu. Nilikuwa nakaa kwa mlango ya fundi, Bugembe. Hii mzee alikuwa nauliza mimi, kwetu ni wapi. Kila siku nauliza. Hakuuliza shamba. Hakuuliza ng'ombe. Nauliza tu, kwetu ni wapi."

Aligeuka, akaonyesha kwa mkono upande wa juu alikotoka.

"Baba yake aliambia korti, kwao iko jiwe, chini ya jiwe iko maji, juu ya maji nyumba ya mama. Leo asubuhi mimi nilienda huko. Peke yangu. Jiwe iko. Maji iko, nilikunywa. Nyumba hakuna, lakini mawe ya jiko iko, matatu. Nimetoka huko sasa. Nimemaliza."

Mzee wa ukoo aliyatazama yale mapindo kwa muda mrefu. Kisha akawageukia vijana wake, akawaambia wamteremshe mtoto wao. Wakatoka upande wao wote kwa pamoja, wakashika kamba, na baba akashuka kwao.

Baadaye, watu wakila, nilimpelekea Afande chai kwenye benchi alilokaa peke yake. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwambia tu kwamba kiti chake kipo na suruali ailete. Aliniitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa katibu wa ukoo, msichana aliyekuwa akinakili yote yaliyosemwa kaburini, kama wanavyofanya siku hizi.

"Fundi, ameandika mimi?"

Nikamwambia ameandika. Akaweka kikombe chini, akaenda, akaomba asome. Alisoma akiwa amesimama, kidole chini ya kila neno, tangu jina lake mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo. Msichana akamuuliza kama amekosea mahali. Afande akasema hapana, lakini kuna kitu kimoja amesahau.

"Andika pia," alimwambia, "suruali ya shahidi ilikuwa imeloa."